Bado Hazijawaka

Watu wa Bagara, hapa Babati, husema mimi nina mdomo. Ni kweli ninao, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa ajili yake. Nimekaa kwenye baraza hii na cherehani yangu tangu Kindness wangu anabebwa mgongoni, na sasa huyo Kindness ana mimba ya pili huko kwa mumewe. Nashona sare za shule, nashona za kwaya, napunguza suruali za wanaume waliokonda. Anayetaka kubembelezwa aende kwa mafundi wa sokoni. Kwangu utaambiwa kiuno kimeongezeka, ulete kitambaa kingine.

Kwa hiyo msitegemee kwamba habari ya Melkiori nitaipaka sukari.

Chumba kinachopakana na changu, ukuta mmoja na baraza moja, kilikuwa chake. Alikuwa mtu wa Dareda, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba maji ya kunywa. Bango lake liliandikwa fundi redio, lakini redio siku hizi nani anatengeneza? Kazi yake ilikuwa amplifaya, na hakuwa ananunua za dukani akazibadilishabadilisha, hapana. Aliziunda mwenyewe kuanzia mwanzo. Transfoma aliitoa kwenye stabilaiza iliyokufa, boksi alilikunja kwa bati nene na kulipaka rangi ya geti, na bodi ya ndani aliiunga kipande kwa kipande kwa solda. Kwa sura zilikuwa mbaya kweli. Lakini ukiiwasha moja kanisani, bibi aliyekaa benchi la mwisho anasikia mpaka mwimbaji anavyovuta pumzi.

Mashine zake hazikuwa na taa hata moja. Wateja walimwomba: fundi, tuwekee basi hata kitaa kimoja tujue kama imewaka. Aliwajibu kwamba taa ni urembo wa wanawake, mashine inasikilizwa, haiangaliwi. Alijisikia sana, yule mzee. Alijua kazi, na alijua kwamba anajua.

Mkewe Jovita, sisi tukimwita Mama Eliya kwa ajili ya mtoto wao aliyepotelea machimboni Mirerani, ndiye aliyekuwa akimsaidia pale mezani. Kumpa hiki, kumshikia kile. Nimeyasikia ya ukuta ule kwa miaka, sihitaji kuhadithiwa. Melkiori hakumpiga, hilo nitalisema kwa haki. Ila alimsema. Mwanamke akikosea kidogo tu, anasemwa mbele ya wateja kama mtoto wa darasa la kwanza.

Siku moja alimwomba rizista. Ni vidude vidogo vyenye mistari ya rangi, na hizo rangi ndizo zinazokuambia kipi ni kipi. Alitaka yenye mistari fulani, Jovita akampa nyingine, kahawia badala ya nyekundu. Baraza ilikuwa imejaa watu, umeme umekatika mtaa mzima na kila mtu anasubiri urudi. Melkiori alilichukua kopo zima la rizista akalimwaga barabarani kwenye vumbi, akamwambia aziokote na kila anayoiokota ataje rangi yake kwa sauti. Jovita akainama. Nyekundu, kijani, kahawia, nyekundu. Akikosea watu wanacheka. Mwisho Melkiori akamuuliza, tena kwa upole ule unaouma kuliko kelele: "Macho ulipewa ya nini, Mama Eliya?"

Mimi niliwaambia waliocheka kwamba wote wana suruali zilizochanika nyuma na ni mimi niliyeziona. Wakanyamaza. Lakini Jovita aliendelea kuokota mpaka zikaisha, akazifuta moja moja kwa kanga yake na kuzirudisha koponi.

Halafu macho ya Melkiori yakaanza kufa.

Ilikuwa presha ya macho. Walipokwenda hospitali waliambiwa wamechelewa, kilichokwisha hakirudi, na kilichobaki kitakwisha pia. Kikaisha. Na ninyi mngeambiwa lini? Hamngeambiwa. Hakuna aliyeambiwa. Kwa sababu fundi wa umeme asiyeona, nani atampelekea mashine yake? Walikuwa wakitoka nyumbani kwao Nakwa asubuhi kabla watu hawajawa wengi, Jovita amemshika mkono, na watu wakasema jamani tazameni wale, wamezeeka wanashikana kama wachumba. Akifika anakaa kwenye kiti chake na hanyanyuki mpaka jioni. Mteja akiingia, Jovita ndiye anayepokea kitu na kukiweka mezani, na Melkiori anageuza uso kuifuata sauti. Nami nisingejua kama si gauni. Nilikuwa nimelitundika gauni la bibi harusi mlangoni kwangu, jeupe, refu, na Melkiori akakutana nalo uso kwa uso akaliamkia: habari za asubuhi, dada. Nikamjibu kutoka ndani kwamba ni nzuri. Sikusema zaidi, na Jovita alinitazama kwa jicho la kuniomba niendelee hivyo hivyo.

Na kazi aliendelea nayo. Hapo lazima nimpe heshima yake. Vifaa vyake alikuwa amevipanga kwenye makopo zamani, akayajua kwa kuyapapasa, hili la mafuta ya kujipaka, hili la kahawa, hili lenye mfuniko uliobonyea. Joto la chuma cha solda alilijua kwa kukisogeza karibu na shavu. Alikuwa na mita ya umeme inayolia waya ukiwa mzima, na alifanya kazi kwa mlio ule. Kile ambacho mkono na sikio haviwezi, alimuuliza mkewe. Akauliza kwa sauti ile ile ya zamani, ya mwalimu na mwanafunzi mjinga.

Ndipo akaja Theophil. Huyu ni mwenyekiti wa kwaya pale kigangoni, kanisa letu dogo la parokia, mtu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwenye tumbo na mwenye haraka. Tumsifu Yesu Kristo, milele amina, kisha akaeleza. Amplifaya ambayo Melkiori aliwaundia zamani ilikuwa imeungua. Baada ya ibada ya Jumapili mtu alisahau kuizima, na kwa kuwa haina taa hakuna aliyejua, ikakaa imewaka juma zima mpaka moshi ukatoka sakristia na mavazi ya padri yakanuka. Kamati ilitaka kununua mpya. Yeye Theophil ndiye aliyewaomba wampe Melkiori nafasi, kwa sababu ya ile sauti. Sharti ni kwamba transfoma isukwe upya na ziongezwe taa mbili usoni, ya kijani kuonyesha umeme umeingia, na nyekundu kuonyesha bodi ya sauti nayo imepata umeme wake. Taa za LED, zile ndogo kali. Hata mtoto akipita aone kwamba mashine imewaka. Ijumaa angekuja kuichukua, maana Jumapili ni jubilei na askofu anakuja. Ikifanya vizuri, mashine za vigango vyote vya parokia zitaletwa hapo hapo barazani.

Alipoondoka niliwasikia wakizungumza. Mwenye nyumba alikuwa ameshasema chumba anakitaka kijana wa kuuza makava ya simu, na Melkiori alikuwa na kazi hii tu iliyobaki ya kumfanya asihamishwe. Ndugu yake kule Dareda alikuwa ameshasafisha chumba karibu na zizi, anasubiri kumpokea. Melkiori alisema ni bora azikwe kuliko kukaa kwenye ua wa mdogo wake akiletewa bakuli kama mbwa wa mlinzi. Alisema akiipata kazi ya vigango, atakufa akiwa fundi. Ndicho alichotaka, na hakikuwa kikubwa.

Transfoma aliisuka kwa vidole, mizunguko yote, midomo ikicheza kwa kuhesabu. Jumatatu akaiunganisha, akaichomekea redio, na sauti ikatoka safi mpaka mguu wangu ukaacha kukanyaga cherehani wenyewe. Zikabaki taa tu.

Taa ya LED ina miguu miwili, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Mrefu ni wa chanya. Ukigeuza, haiwaki. Kwa mtu anayejua, hata gizani hiyo ni kazi ya dakika. Melkiori aliipapasa miguu, akaiweka taa katikati ya midomo yake kusikia ule upande uliokatwa bapa kwenye ukingo, akaunga rizista, akalehemu. Matundu mawili usoni mwa boksi alishayatoboa. Akazipachika. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwao, nimekwenda kuazima mkasi wao wa bati. Akabonyeza swichi.

Zikawaka. Kijani na nyekundu, kali, nzuri kwa kweli, zikamulika mpaka kwenye vifungo vya shati lake.

"Zimewaka?" akauliza.

Jovita alizitazama. Alizitazama kwa muda, mikono ameikunja tumboni. Kisha akasema, "Bado hazijawaka."

Nilidhani haoni vizuri kwa sababu ya jua la mlangoni. Nikafungua mdomo. Jovita akageuka akaniangalia, nikaelewa kwamba anaona vizuri kabisa. Nikachukua ule mkasi nikatoka.

Melkiori akazima, akazilehemua, akageuza miguu. Akawasha. Sasa kweli hazikuwaka, na Jovita akasema bado. Akazirudisha kama mwanzo. Zikawaka, na Jovita akasema bado. Nilikuwa nayasikia yote kupitia ukutani. Akasema labda ni taa feki, za Kichina za bei rahisi, akamtuma dukani akanunue nyingine. Akazibadilisha. Bado. Akachukua mita, akagusa hapa, ikalia, akagusa pale, ikalia. Waya wote mzima, umeme upo, redio inaimba, na taa bado. Jumanne akafumua upande mzima wa bodi uliokuwa hauna kosa lolote akauunga upya. Bado.

Jioni ile nilimfuata Jovita bombani. Mimi sijui kuzunguka. Nikamuuliza kama amepagawa. Nikamwambia mwanaume atakosa kazi, watakosa chumba, na yeye mwenyewe ndiye atakayekwenda kulala karibu na zizi. Akaendelea kukinga maji mpaka ndoo ikajaa. Akasema anajua. Akasema hataki kumkomoa mpaka mwisho. Anataka neno moja tu. Miaka yote hiyo hajawahi kumsikia Melkiori akisema hajui. Akikosea ni kopo, ni umeme, ni dukani wamemuuzia feki, ni mke mjinga. Siku atakayosema "sijui, Mama Eliya", siku hiyo hiyo atamwambia zinawaka, na Ijumaa itamkuta na mashine yake nzima.

Nikamwambia hiyo ni roho mbaya. Akasema ndiyo, ni roho mbaya, na akajitwisha ndoo. Nami, nisiwafiche, kwa yale niliyoyasikia ukutani miaka ile, sikumwona amekosea sana. Nilimwambia tu asivuke Alhamisi.

Jumatano Melkiori hakula. Kopo la chakula lilirudi Nakwa kama lilivyokuja. Vidole vyake vilikuwa vimeungua kwa solda, maana mikono ilianza kutetemeka na mtu asiyeona akitetemeka anajichoma. Alikuwa akilamba pale alipoungua na kuendelea. Alhamisi nikamsikia akimfokea Jovita kwamba anashika boksi vibaya, anatingisha waya, ndiyo maana. Nikasema ndani kwangu, mzee wewe, sema hujui uponyeke. Hakusema. Alimwambia tena kwamba ni mjinga. Kisha nikamsikia akijiambia mwenyewe, polepole, hatua zote tangu mwanzo: mrefu chanya, mfupi hasi, rizista hapa, umeme kutoka hapa. Hatua zote zilikuwa sahihi. Alizirudia kama mtu anayesali rozari na hasikilizwi.

Alhamisi jioni nilimsimamisha Jovita barabarani, na mumewe amemshika mkono, nikamkazia macho. Akatikisa kichwa. Hakuwa bado amelipata neno lake. Wakaenda zao.

Ijumaa Theophil alikuja mchana na wanakwaya wawili wa kubeba, Paskalina, yule anayeimba sauti ya kwanza, na Sadock mpiga kinanda. Nilihama na kiti changu nikakaa mlangoni kwao, nikaanza kushona vifungo kwa mkono. Sitadanganya kwamba nilikuwa na shughuli nyingine.

Boksi lilikuwa mezani, limepakwa rangi upya. Jovita alikuwa amelipaka mwenyewe. Melkiori alikuwa amevaa shati la kanisani. Theophil akasema haya fundi, tusikie. Melkiori akaweka kidole kwenye swichi akawasha. Kwaya ikatoka kwenye spika, safi, Paskalina akaweka mkono kifuani kwa furaha. Na taa zikawaka. Kijani, nyekundu, kama siku zote tangu Jumatatu. Wote watatu walizitazama, na Theophil akaanza kutabasamu.

Melkiori akapunguza sauti. Akajinyoosha kitini.

"Mwenyekiti," akasema, "sauti ni hiyo umeisikia. Taa zimenishinda. Nimejaribu kila ninachokijua, na kwa nini haziwaki sijui."

Alilisema. Sijui. Nilimwona Jovita akiinua uso kama aliyeitwa jina, akafungua mdomo. Kama lile neno angelisema usiku uliotangulia, nyumbani kwao, wawili tu, haya yote yasingekuwepo. Lakini alilisema kwa mwanaume mwenzake, mbele ya watu, na Theophil ni mtu wa haraka.

Theophil alicheka. Alidhani ni utani. Akasema fundi bwana, zimekushindaje na wewe umetuwekea taa za disko hapa, zinatupofua.

Melkiori akakasirika. Akasema yeye ni mtu mzima, amekubali kosa lake kiungwana, hakuna haja ya kumdhihaki. Sauti yake ilipasuka hapo. Theophil akaacha kucheka. Akamtazama usoni, kisha akaitazama taa, kisha akamtazama tena usoni. Akainua mkono wake, taratibu, akaupitisha mbele ya macho ya Melkiori. Akaupitisha mara ya pili. Melkiori hakupepesa. Alikuwa anaangalia mahali ambapo Theophil alikuwa amesimama mwanzo.

Paskalina akashika mdomo. Kwaya ikaendelea kuimba chini chini kwenye spika.

Mtu asiyeona anasikia ukimya kuliko sisi. Melkiori aligeuza kichwa huku na huku. Alijua kimetokea kitu, na nadhani alijua ni nini, ila alihitaji mtu wa kukithibitisha. Hakumuuliza mkewe. Akageuka upande wa mlango, uzi wangu ulipokuwa ukivutwa.

"Mama Kindness. Upo hapo, nasikia. Wewe humhurumii mtu. Zinawaka?"

Nilikuwa na sekunde ya kufikiri na sikuitumia. Nilikuwa nimewakasirikia wote wawili juma zima, yeye kwa kiburi chake na mkewe kwa kile alichokuwa anakifanya, na hasira ile ndiyo iliyojibu.

"Zinawaka zote mbili," nikasema. "Zinawaka tangu Jumatatu."

Hiyo Jumatatu sikuulizwa. Niliiongeza mwenyewe. Wapo walioninunia kwa ajili yake mpaka leo, na waendelee kununa. Mtu aliniuliza kwa sababu mimi si mwongo, nikamjibu kama nilivyo.

Melkiori alikunja kidole kimoja, kisha kingine. Niliona akizirudia siku moja moja, kila alichofumua, kila alipojichoma. Jumatatu, Jumanne, ule upande wa bodi alioufumua ukiwa mzima. Kisha akauliza, bila kumgeukia, sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kupitia ukuta ule:

"Kwa nini, Mama Eliya?"

Jovita alikuwa analia, machozi tu, uso haujakunjamana. Nilidhani ataomba radhi. Nafikiri na yeye alidhani hivyo.

"Uliniuliza macho nilipewa ya nini," akasema.

Theophil alikohoa. Akasema mambo ya ndani hayo wayamalize wenyewe, ila yeye ana kamati, na kamati haiwezi kuweka umeme wa kanisa, na askofu yupo, na watoto wapo, mikononi mwa mtu ambaye, na hapo akatafuta neno akalikosa. Akasema watakodi vyombo. Akasema watamwombea. Wakatoka, Paskalina nyuma akigeukageuka. Kwa jinsi Bagara ilivyo, kabla hawajafika dukani kwa Theophil mtaa mzima ulishajua kwamba fundi redio ni kipofu, na kwamba amekuwa kipofu siku zote hizo wakimpelekea vitu vyao.

Nilipaswa kuondoka nami. Sikuondoka.

Melkiori aliipapasa meza akachukua koleo la kukatia waya. Akaweka vidole vya mkono wa kushoto usoni mwa boksi, akaipata taa ya kwanza, akaivuta nje na miguu yake. Akaikata. Akaipata ya pili akaikata. Kazi safi, hakugusa kitu kingine chochote, na muziki haukukatika hata nukta. Akaviweka vile vitaa viwili kwenye kiganja cha Jovita na kukifumba kwa vidole vyake.

"Haya, sema."

Jovita hakuelewa, au hakutaka.

"Sema kama zinawaka."

"Hazijawaka," akasema Jovita.

"Hapo umesema kweli."

Akazima mashine. Akakaa. Akakaa mpaka watu wakaanza kufunga maduka na mwenye nyumba akapita mara ya kwanza na ya pili akijifanya anaangalia paa. Kisha Melkiori akasimama, na hapo ndipo nilipoona ubaya wote wa jambo lile. Kwa sababu ilibidi arudi Nakwa, na njia ya Nakwa ina mfereji na ina bodaboda, na hakuwa na mkono mwingine duniani wa kushika. Alisimama mlangoni akiwa amenyoosha mkono wake hewani, haombi, haiti jina. Jovita akaja akaushika. Wakaenda wakiwa wameshikana, na watu wale wale waliowaita wachumba wakasimama pembeni kuwapisha, hakuna aliyewasalimia.

Mdogo wake Melkiori alikuja na pikapu juma lililofuata. Jovita angeweza kubaki, ana dada yake huko Sigino anayempenda, na mimi nilimwambia abaki. Akaniuliza nani atampeleka chooni. Chumba kikachukuliwa na yule wa makava ya simu, anapiga muziki wa kelele mchana kutwa kwenye spika yenye taa za rangi zote, mpaka naumwa kichwa.

Baada ya mavuno nilikwenda kuwaona Dareda. Kukaa kimya bila kujua yaliyowapata kulinishinda. Chumba ni kile karibu na zizi. Ile amplifaya ipo kwenye kona, imefunikwa kitambaa, matundu mawili usoni. Watu wa mdogo wake wanawapa chakula, hawawanyimi. Bakuli linaletwa. Nilimsalimia Melkiori, akanijua kwa sauti, akaniambia mimi ndiye mtu pekee Babati aliyemwambia ukweli, na akanishukuru. Sikujua niipeleke wapi shukrani ile.

Jovita alinieleza wakati tunamenya maharage. Alisema Melkiori hampigii kelele siku hizi, hamsemi, hamwiti mjinga. Anamwambia asante kwa kila kitu. Ila haamini. Akimwambia mlango uko hapa, anaupapasa kwanza. Akimwambia uji umepoa, anatia kidole. Akimwambia huyu aliyekuja ni fulani, anasubiri mtu mwenyewe aseme. Alisema aliomba radhi mpaka akachoka, na kila mara Melkiori hujibu kwamba amemsamehe, yameisha.

Nililala kwao. Asubuhi nikamsikia Jovita akisema kwa sauti ya chini: Baba Eliya, kumekucha, chai ipo. Melkiori akaamka, akaufuata ukuta kwa kiganja mpaka mlangoni, akachukua kigoda chake akakiweka uani, akakaa akiwa ameinua uso juu, anasubiri jua limguse ndiyo aamini. Jovita akaniambia ndivyo anavyofanya kila siku, na jua likimpiga anarudi ndani kunywa chai. Siku ile kulikuwa na ukungu. Tulimwambia mimi na mkewe, kwa zamu, kwamba ni asubuhi. Akasema sawa, akaendelea kukaa pale na baridi ile mpaka karibu adhuhuri, na chai ikamwagwa.